Gari Lisilo na Kiti cha Shangazi

Watu wanaopenda magari ni watu wa kuchosha. Nimewatengenezea magari yao zaidi ya nusu ya umri wangu, na bado sijampata mmoja ambaye maneno yake yalistahili chai iliyopoa nikimsikiliza. Kila ninapokutana na wale tuliokuwa pamoja Juba miaka ile ya mapatano ya amani, kabla ya kura ya kujitenga, huniuliza swali lilelile: lile jeusi la mjomba wako na lile jekundu la shemeji yako, wewe fundi, lipi lilikuwa gari kwelikweli? Huuliza huku wakicheka, kwa kuwa walikuwepo siku ya harusi, au wamesimuliwa na waliokuwepo. Basi nitajibu mara moja, kwa kirefu, kisha waniache.

Nianze na jeusi, kwa sababu ndilo nililolidharau kwanza. Nililidharau hata kabla sijaliona.

Mama yangu alinilea Eldoret, katika chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga unga. Kila nilipopenda kitu kupita kiasi, mpira, viatu, redio ya jirani, alinitazama akasema, "Endelea tu. Utabaki na gari kama mjomba wako." Hiyo ndiyo ilikuwa hadithi ya ukoo wetu, na ilikuwa fupi. Vita vilipoukaribia mji wa Juba, mama alimwendea kaka yake, mtu pekee kwetu aliyekuwa na gari, akamwomba atutoe kwa barabara ya Nimule, iendayo Uganda. Gari lilikuwepo na petroli ilikuwemo. Mjomba akakataa. Tukatoka kwa miguu, baadaye kwa lori la chumvi, mimi nikiwa mgongoni mwa mama ingawa nilikuwa na miaka mitano na miguu mizima. Mjomba akabaki. Mama alisema ndugu yake aliambiwa achague kati ya damu na bati, akachagua bati.

Nilirudi Juba mwaka wa pili wa mapatano, nikiwa na sanduku la spana na maringo ya kutosha kujaza lori. Nilipata kazi kwenye gereji moja Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege. Tulihudumia yale magari meupe ya mashirika, yenye antena ndefu mbele, magari ya kupanda milima na kuvuka mito, ambayo siku nzima yaliendeshwa kutoka ofisini kwenda hotelini na kurudi. Niliwadharau waliopanda. Niliwadharau zaidi madereva wao, hasa wenzangu tuliorudi kutoka Kenya na Uganda, ambao kila wiki walituletea bampa zilizopondwa kwa kosa lilelile. Kwetu gari hupita upande wa kulia. Wao walijifunza kuendesha kule ambako hupita kushoto, na magari yenyewe yalikuja kwa njia ya Mombasa na Kampala, usukani ukiwa kulia. Mtu akijisahau kidogo tu, anaingia kushoto na kukutana uso kwa uso na lori.

Nikawatungia kanuni. "Nyasi kiwikoni," niliwaambia. Ukikaa kwenye usukani wa kulia, na barabara inakutaka kulia, basi ukingo wa barabara uko hapo hapo mlangoni pako. Hakikisha nyasi, mtaro, mbuzi, chochote kilicho kando ya njia, kiko karibu na kiwiko chako, nawe uko salama. Usifikiri, fuata kiwiko. Kanuni hiyo ilienea Thongpiny nzima. Madereva wapya waliletwa kwangu niwafundishe kwa dakika tano, nami niliwafundisha kwa sauti ya askofu anayetoa kipaimara. Nilijiona nimeokoa roho nyingi, na kila roho niliiona ya mjinga.

Kwa mjomba sikwenda upesi. Nilikaa Juba miezi mingi kabla ya kwenda kumwamkia, na nilifanya kusudi.

Aliishi mtaa wa Malakia, nyumba ileile ya zamani, yeye na binti yake mmoja. Mkewe alifariki wakati wa vita, mji ulipokuwa umezingirwa na dawa hazipatikani. Nilimkuta mzee mwembamba, shati limepigwa pasi, akaniletea kinywaji cha karkade mwenyewe kwenye trei na kuniuliza habari za mama. Nilimjibu kwa neno moja moja. Uani mwake palikuwa na chumba cha matofali kisicho na mlango wala dirisha. Sikuuliza ni cha nini, kwa sababu nilijua. Aliogopa askari wasilichukue gari, akalijengea ukuta pande zote nne. Watu walikuwa wakilala njaa, yeye ananunua saruji.

Nikawa ninamtembelea Krismasi na Pasaka, kama mtu anayekwenda kung'oa jino. Hadi siku moja, mwaka ule kabla ya kura, alinipokea mlangoni akiwa ameshika nyundo.

"Binti iko na mtu," akasema. Kiswahili chake alikiokota sokoni kwa wafanyabiashara wa Uganda, na alipokwama alichomeka Kiarabu cha Juba. "Sasa tufungue."

Tulibomoa kwa siku mbili. Ndani gari lilikuwa limepandishwa juu ya magogo, magurudumu yamening'inizwa darini kwa kamba, na kila kipande cha nikeli kimepakwa grisi nene kama siagi. Alilinunua kwa mfanyabiashara Mgiriki aliyekuwa akifunga duka, wakati wa amani ile ya kwanza, kabla vita havijarudi. Mgiriki mwenyewe aliliagiza kutoka kaskazini, likateremka gati la Juba juu ya tishari, mji mzima ukilitazama. Lilikuwa jeusi na refu. Ndani lilikuwa na viti vya ngozi, ubao wa vanishi mbele, na vibakuli vinne vya majivu ya sigara, kana kwamba abiria wote wanne wangekuwa na jambo zito la kufikiria. Madirisha ya nyuma yalikuwa na mapazia. Hapo nilicheka kwa sauti. Mtu ananunua gari ambalo mji mzima utaligeukia, halafu anaweka pazia asionekane.

Mjomba hakucheka. Alifungua mlango wa dereva, upande wa kushoto, maana gari hilo lililetwa kwa barabara zetu na usukani wake ulikuwa pale unapotakiwa kuwa. Hakuingia. Aliweka mkono juu ya usukani tu.

"Mama yake nilipeleka kanisani humu," akasema. "Mimi mwenyewe naendesha. Hakuna dereva. Siku anakufa, akaniambia, mtoto pia utampeleka hivyo. Wewe, si mtu mwingine. Nikasema aiwa. Sasa wewe fundi, amsha hii kitu, mimi nimpeleke."

Hiyo ndiyo ilikuwa haja yake yote duniani, na aliniambia waziwazi, kwa Kiswahili ambacho hata mtoto angekielewa. Ila mimi nilimsikiliza kwa masikio ya mama yangu, na masikio hayo yalisikia gari, gari, gari. Nikasema moyoni: miaka zaidi ya ishirini, na bado ni bati.

Nililiamsha, hata hivyo. Sina unyenyekevu katika hilo. Pistoni zilikuwa zimeganda. Nikazimwagia dizeli na kuziacha wiki mbili zilainike. Kabureta niliifungua mezani kwa mjomba juu ya gazeti, nikaisafisha kwa mswaki. Mipira ya breki niliagiza Kampala. Siku injini ilipowaka, ilitoa moshi mweusi uliofukuza kuku wa Malakia yote, kisha ikatulia na kunguruma taratibu. Binti wa mjomba alitoka jikoni na mikono yenye unga, akasimama mlangoni. Baba yake aliingia, akalisogeza mbele hatua kumi, akalirudisha nyuma hatua kumi. Uani hapakuwa na nafasi zaidi. Tangu siku hiyo alifanya hivyo kila asubuhi kabla ya chai, mbele hatua kumi, nyuma hatua kumi, na mimi nilikuwa nikienda gereji kuwaigiza wenzangu namna anavyoshika usukani kwa mikono miwili.

Sasa lile jekundu.

Shemeji yangu mtarajiwa, mchumba wa binti wa mjomba, alikulia Nairobi na alirudi Juba kufanya tenda. Tenda za nini, sikumbuki, na sidhani kama yeye alikuwa akikumbuka kila siku. Wiki hii ni viti vya ofisi, wiki ijayo ni maji ya chupa. Alipopata alichopata, hakujenga nyumba. Aliagiza gari dogo la michezo, jipya, la viti viwili, lenye paa la turubai linalojikunja lenyewe ukibonyeza kitufe. Lilikuja juu ya mgongo wa lori kutoka Kampala, kwa sababu barabara ya Nimule ingelitafuna likafika bampa peke yake. Fikiria gari la mbio linalobebwa kama mgonjwa.

Tumbo lake lilikuwa juu ya ardhi kwa kiasi cha kiganja. Lilikuwa na uwezo wa kukimbia kilomita mia mbili na hamsini kwa saa, katika mji ambao lami yake ilitoka uwanja wa ndege, ikaenda wizarani, ikazunguka kidogo, ikachoka. Shemeji alikuwa akienda nalo mwanzo wa lami hadi mwisho wa lami, anageuza, anarudi, paa limefunguliwa, vumbi linaingia masikioni. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kile kigari kilijitembeza kila jioni. Kila baada ya siku chache alikileta kwangu kimekwaruzwa chini na jiwe fulani. Nilikuwa nikichomoa kichungi cha hewa na kukikung'uta, kinatoa vumbi la kutosha kukandika ukuta.

Kwa hiyo nilikuwa na yote mawili mikononi mwangu kwa miezi, na ninaweza kuyalinganisha kuliko hao wanaoniuliza. Jeusi likiharibika, lilikuonyesha palipoharibika: panavuja, panagonga, panatoa moshi. Jekundu lilikuwashia taa ya manjano na kukaa kimya kama mke aliyenuna, na hiyo taa ilitaka kompyuta iliyokuwa Nairobi. Jeusi lilikuwa zito, hata kulisogeza uani ulihitaji kujipanga mapema. Jekundu lilikuwa jepesi hata ng'ombe akilikoholea linayumba. Jeusi lilitengenezwa kwa mtu anayetaka kuheshimiwa, jekundu kwa mtu anayetaka kutazamwa, na kwa maoni yangu wote wawili walihitaji daktari mmoja.

Ugomvi ulianza wiki ya harusi. Shemeji alitaka bibi harusi aende kanisani ndani ya jekundu, paa wazi, shela inapepea. Alikuwa tayari amemwambia mpiga picha. Mjomba alikiweka kikombe chini, akachukua kitambaa, akaanza kulifuta jeusi vumbi. 

Aliyejibu ni mama. Alikuwa amefika siku hiyohiyo kwa basi, siku tatu kutoka Eldoret kupitia Kampala, miguu imevimba. Yeye na kaka yake hawakuwa wameonana tangu mwaka ule tulipotoka Juba kwa miguu. Walisalimiana kwa mkono, kama karani na mtu aliyeleta barua. Lakini mama alikuwa shangazi wa bibi harusi, shangazi pekee aliyebaki hai, na kwetu bibi harusi haendi kanisani bila shangazi yake kando, amemshika mkono. Asipokuwepo, watu watasema msichana ametoroshwa.

Mama akalizunguka jekundu mara moja, polepole, akainama kuchungulia ndani.

"Dereva anakaa hapa," akasema. "Bibi harusi hapa. Na mimi nakaa wapi?"

"Shangazi, wewe utakuja nyuma na Land Cruiser. Iko na AC," shemeji akajibu.

"Nyuma? Nimetoka Eldoret kukaa nyuma? Kijana, umeona wapi msichana akienda kuolewa kama mtu aliyeomba lifti?"

"Lakini Shangazi, hii ni gari ya maana, si mchezo."

"Gari lisilo na kiti cha shangazi si gari," mama akasema. "Hiyo ni pikipiki imenona."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Shemeji alitutazama mmoja mmoja, akaona hana mtu upande wake, akasema, "Sawa, Shangazi. Mimi nitafuata nyuma yenu tu." Nikamdharau kwa kushindwa haraka hivyo. Mama naye ndipo alipogundua kwamba amelipigania gari ambalo amelichukia maisha yake yote, na ushindi huo ukamkasirisha; akaingia ndani bila kumwangalia kaka yake, na siku hiyo hakula.

Asubuhi ya harusi Malakia ilijaa watu mpaka juu ya kuta. Vigelegele vilianza kabla jua halijapanda. Madereva wangu wa Thongpiny walikuja wote, wanafunzi wangu wa kiwiko, wamevaa vizuri, wamesimama kando ya jeusi ambalo nilikuwa nimelisugua mpaka mtu aliweza kujinyoa akijitazama mlangoni. Mimi nilikuwa na suti. Na hapo, nitasema bila kuzunguka, shetani wa maringo aliniingia. Nilitaka watu wale wanione mimi kwenye usukani wa gari lile. Niliyelidharau miaka yote, niliyemwigiza mzee wa watu mbele ya gereji nzima, nilikuwa ninalitaka mpaka viganja vinaniwasha.

"Mjomba," nikamwambia, "mtu mkubwa haendeshi mwenyewe. Leo wewe ni baba wa bibi harusi. Kaa, mimi nitaendesha."

"La, la," akasema. "Mimi."

"Breki ni mpya, hazijazoea. Zinataka mguu unaozijua. Utamwendesha mtoto na breki usizozijua?"

Ulikuwa uongo mtupu. Breki zile zilikuwa nzima, hata bibi kizee angeweza kuzikanyaga. Mjomba alimtazama binti yake akitoka mlangoni na gauni lake jeupe, mama yangu amemshika mkono. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akanipa ufunguo. Hakuniamini mimi, ninajua, alimwogopea mtoto.

Akakaa mbele, upande wa abiria. Mama na bibi harusi nyuma, kwenye ngozi, mapazia yamefunguliwa ili watu waone. Jekundu likafuata, shemeji ndani amevaa suti nyeupe, peke yake, kiti cha pili kimewekwa maua. Tulikwenda polepole kwenye njia ya udongo, na kwenye njia ya udongo kila mtu hupita katikati, anakwepa mashimo. Nilipiga honi. Niliinua mkono. Tukafika lami.

Nilikuwa sijawahi kuliendesha gari lile nje ya ua. Na maisha yangu yote sikuwa nimewahi kukaa kwenye usukani wa kushoto barabarani. Nililijua hilo kama unavyolijua jina lako, na sikulifikiria hata kidogo, kwa sababu nilikuwa na kanuni. Nilikata kona kwa utulivu wa bwana mkubwa, nikaangalia chini kwenye kiwiko changu cha kushoto, nikaona nyasi, nikaona mtaro, nikaridhika.

"Yamin," mjomba akasema. Kulia.

Nikapiga honi tena.

"Yamin, ya weled! Kulia, kijana!"

"Mjomba, tulia," nikamwambia. "Kanuni hii nimeitunga mimi."

Ndipo lori la maji likatokea kwenye kona, likitoka mtoni, limejaa, liko upande wake wa haki, na mimi niko mbele yake. Nikakata kwenda kushoto zaidi. Hapakuwa na kushoto zaidi. Palikuwa na mtaro. Gurudumu la mbele likatumbukia, kitu kikavunjika chini kwa mlio ambao fundi haulizi ni nini, na gari lote likainama kama mzee anayefunga kamba za viatu. Maji ya moto yakaanza kuchuruzika. Lori likapita likilia honi. Hakuna aliyeumia. Shela ya bibi harusi ilikuwa imemfunika mama usoni.

Mama akaitoa taratibu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Na guu lenyewe si lako."

Madereva wa Thongpiny walikuwa wametufuata kwa bodaboda. Mmoja wao, kijana mpole niliyemfundisha mwezi uliopita, alisimama ukingoni akatazama usukani, akatazama nyasi, akatazama upande tuliokuwa. Alikuwa anafikiri kwa bidii. "Fundi," akasema, "kiwiko kilikuwa sawa." Wenzake wakaangua kicheko, na kicheko hicho kimenifuata mpaka leo.

Mimi nilikuwa nikimtazama mjomba. Alikuwa ameteremka, amesimama kwenye lami, mikono ameinyosha kidogo mbele yake, kama asubuhi zile anapolisogeza hatua kumi. Hakulitazama gari hata mara moja. Alikuwa anatazama upande wa kanisa, na machozi yanamtoka bila sauti.

Shemeji akashuka kwenye kigari chake. Nilijua atakachofanya. Viti ni viwili, bibi harusi ni wake, mpiga picha yuko tayari. Angempakia na kuondoka, na nani angemzuia? Nilishaandaa dharau ya kumtosha. Alimtazama bibi harusi, akamtazama mzee. Akatoa maua kwenye kiti cha pili, akamwekea mjomba ufunguo mkononi, akamfunga vidole.

"Mzee, mpeleke wewe," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi nitashika boda. Usijali."

Na akashika. Alikunja suruali yake nyeupe mara mbili, akakaa nyuma ya dereva wa bodaboda, akaenda kuoa.

Mjomba hakuingia bado. Aligeuka kumtazama dada yake, maana desturi ni desturi, na viti vilikuwa viwili. Mama alikuwa bado ameketi nyuma ya jeusi lililoinama, mkono ameshika mlango asiteleze. Walitazamana. Nadhani ndiyo mara ya kwanza walitazamana tangu afike.

"Nenda naye," mama akasema. "Baba yake anatosha."

"Na wewe?"

"Nenda, nimesema. Safari hii mimi ndiye ninayebaki na gari."

Mzee akafunika uso kwa kiganja, akaufunua. Binti yake alivua viatu ili aweze kuingia kwenye kile kigari kifupi, na gauni likakijaza chote, likafunika mpaka gia. Mjomba aliitafuta gia chini ya kitambaa, akaipata. Hakuwahi kuendesha usukani wa kulia. Aliondoka taratibu, mikono miwili, upande wake wa kulia, nyasi karibu na kiwiko chake, bila kanuni ya mtu. Nyuma yake watu walitembea kwa miguu na hawakuachwa.

Nilirudi kukaa kwenye kiti cha dereva kwa kuwa sikujua pa kukaa. 

"Mke wa mjomba wako alikuwa amelala," mama akasema. "Mwaka ule. Mimba ya huyu mtoto ilikuwa inamsumbua, alikuwa anavuja damu, hawezi hata kukaa. Ile barabara ingemuua, na kumwacha peke yake hakuweza. Aliniambia. Nilijua tangu siku ile."

"Mbona ulisema ni gari?"

"Nilikuwa nimekubeba wewe mgongoni, na njia ni ndefu. Ukiwa na mzigo kama huo unataka mtu wa kumlaumu." Akapapasa ngozi ya kiti. "Kumbe viti vyake ni vizuri hivi."

Tulikaa humo mpaka kengele za kanisa zilipolia. Hakutaka kutoka.

Siku tatu baadaye nililivuta gari kwa lori mpaka Malakia, nikamwendea mjomba na kofia mkononi. Nilimwambia ni ekseli tu, na radieta, nitaagiza Kampala, nitalirudisha kama lilivyokuwa, hata bora. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira, na ningependa sana angekuwa nayo.

"Khalas," akasema. "Mimi nilitaka kumpeleka. Nimempeleka." Akaingia chumbani, akatoka na ufunguo. "Gari, wewe ndiyo ulitaka. Shika."

Nikashika. Ekseli niliitengeneza mwaka uleule, na radieta, na taa iliyopasuka. Liko nyuma ya gereji yangu, linawaka ufunguo ukizungushwa mara moja. Utabaki na gari, mama alikuwa akinitisha nilipokuwa mdogo. Ninalo.